Dole la Margareta

“Mnanilaumu mie kwa huyo muuaji kupewa parole, kutoka jela kabla ya kifungo kuisha?” mbunge alifoka jukwaani Mtoni, akiomba kura tena. “Mama wa binti aliyeuawa ndiye karidhia. Dole gumba lake hili hapa!”

Karatasi ikapita mkono kwa mkono hadi kwa mama mwenyewe, Margareta. Hakujua kusoma, lakini ule mkato wa mbuzi ya kukunia nazi katikati ya dole aliujua ni wake. Alilitia siku vijana wa mbunge walipopita mtaani. “Weka hapa, mama, kuonyesha umepokea khanga.”

“Margareta,” jirani akanong’ona, “ulimsamehe?”

Akafungua mdomo aseme kadanganywa. Jirani alikuwa keshashusha macho kiunoni kwake, kwenye ile khanga yenye sura ya mbunge.