Mtoto Aletwe Apimwe

"Mtoto aletwe apimwe," alisema mkuu wa ofisi bila kuinua macho. "Hakuna mtoto, hakuna pesa."

Bibi aliyeketi mbele yake aliitikia kwa kichwa. Ofisi ya kuwarudishia wakimbizi gharama za uzazi ilikuwa shule nzuri, na yeye alikuwa mwanafunzi wa bidii. Safari ya kwanza, risiti ya hospitali haikuwa na mhuri. Safari ya pili ilikuwa nao, lakini wa bluu, na kanuni ilitaka mwekundu. Mwekundu ulipopatikana, kanuni ilikuwa imesharudi kwenye bluu.

Karani, binti mpole wa meza ya pembeni, alimsogezea bibi kikombe cha chai. Kavu, bila sukari, na ya vuguvugu kwa ajili ya jino bovu. Hata ofisini hawakosekani watu wenye utu.

Mkuu mwenyewe alikuwa na wiki moja tu hapo, na alikuwa mchapakazi hasa. Kila faili alisoma karatasi ya juu peke yake. Za chini, alisema, ni historia, naye hakuajiriwa kufundisha historia. Faili la bibi, karani ndiye aliyelichimbua kabatini, nyuma ya kopo la sumu ya panya.

"Leo ni mwisho," mkuu alisema. "Saa sita kamili mfuko unafungwa. Hizo pesa zenyewe unazitakia nini?"

"Si zangu, mkuu. Binti yangu alijifungua kwa upasuaji. Hospitali ikamzuia yeye na mtoto mpaka tulipe. Jirani akauza cherehani yake, akaja na pesa zimefungwa kwenye leso, wala hakutuandikisha popote. Nataka nimnunulie nyingine, angali anaona tundu la sindano."

"Safi sana. Bahati mbaya wema hauna nafasi kwenye fomu." Akageuza kalamu. "Mtoto ananyonya?"

"Ameacha."

"Mapema hivyo? Ninyi watu mna haraka!"

"Tuna haraka kweli, mkuu," bibi alikubali.

"Anakula?"

"Anakula. Asubuhi tu ndiyo mpaka abembelezwe."

Karani alikohoa.

"Chanjo?"

"Zote. Ya mwisho alimpiga teke daktari."

"Adabu mfundishe mapema, bibi, usije ukajuta." Mkuu akagonga karatasi ya juu kwa kidole. "Hapa pameandikwa kilo mbili na nusu. Nitampima kwa macho yangu. Kuna watu hapa wanaazimana watoto kama masufuria."

Pembeni ilikuwepo mizani ya kupimia magunia ya unga. Ile ya watoto ilikuwa imeagizwa, na kila mkuu aliyepita hapo aliacha salamu kwamba iko njiani.

Bibi aliitazama mizani, kisha saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika tano. Alimfikiria jirani yake, ambaye siku hizi alikuwa akishika shati mbali na uso ndipo aone kifungo.

"Na nikimleta, mkuu, unasaini?"

"Nasaini papo hapo. Mimi si mtu wa maneno mawili." Mkuu akatabasamu, akitazama saa. "Lakini kutoka hapa hadi kambini na kurudi, hata ukipata mbawa, bibi yangu, huwahi."

"Mbawa za nini?" Bibi akaweka kikombe chini, akageukia meza ya pembeni. "Haya, mjukuu wangu. Nilitaka nisikusumbue kazini."

Karani akaweka kalamu chini. Akakivua kitambulisho chake cha kazi shingoni, akakilaza juu ya faili. Akavua viatu, akavipanga ukutani kama alivyolelewa, akapanda mizani.

"Leo utaandika mwenyewe, mkuu," akasema. "Kilo sitini na moja."