Uvundo Nyumbani kwa Fundi Bomba

Siku ya tatu ya kuutafuta uvundo, fundi bomba aliamua kuvunja sakafu ya jikoni kwake mwenyewe.

Alipiga magoti, akaegesha patasi kwenye kiungio cha vigae, akainua nyundo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la siki mkononi.

"Baba watoto, ukivunja hapo tutapikia wapi?"

"Tutapikia uani. Siwezi kuzibua vyoo vya mtaa mzima halafu kwangu pananuka."

Akagonga. Kigae kikapasuka vipande viwili.

Aliyeanzisha maneno alikuwa dada wa fundi, mwanamke asiyejua kumeza neno. Jumapili alikuja kuwasalimu, akaketi kwenye kochi, na kabla hata hajaletewa maji akakunja pua.

"Kaka, humu ndani kuna kitu kimekufa."

Fundi alicheka, kisha akanusa, akaacha kucheka. Kumbe naye alikuwa akiisikia harufu hiyo kwa miezi kadhaa, ila alidhani ni nguo zake za kazi.

"Labda panya, wifi," mkewe alisema upesi. "Nitasafisha."

Na kusafisha alijua. Kazi yake ilikuwa kushona nguo, lakini majirani walimjua zaidi kwa usafi. Walimfuata kumuuliza namna ya kutoa ukungu ukutani au mkojo wa mtoto kwenye godoro. Dawa za dukani hakuzitaka. Alisema zinaifunika harufu kwa saa moja, kisha inarudi na hasira. Na alisema kwa uhakika, kama mtu aliyezijaribu zote.

Jioni ile ile alianza. Alimwaga magadi kwenye tundu la sinki, akafuatishia siki ya moto, povu likapanda likichemka. Alisugua mbao za kukatia mboga kwa chumvi na nusu ya limau. Kulipokucha alilitoa godoro juani, akalinyunyizia magadi. Aliweka vibakuli vya mkaa uliopondwa chini ya kitanda, nyuma ya kabati, na viwili zaidi chini ya cherehani. Maganda ya limau na vijiti vya mdalasini vilichemka kutwa kwenye sufuria, mpaka vioo vya madirisha vikatoa jasho.

Nyumba ikanukia kama duka la viungo. Na chini ya viungo, kile kitu bado kilikuwapo.

Jumatatu fundi alipanda darini kumtafuta panya. Alikuta kiota kikavu cha nyigu na kiatu cha utotoni cha binti yao, ambaye sasa ana watoto wake. Jumanne alifungua mifuniko yote ya mashimo ya maji machafu nyuma ya nyumba. Yalikuwa safi, kwa sababu ndiye aliyeyajenga na alikuwa akiyatunza.

Aliingia ndani akaketi kwenye kigoda. Miaka thelathini na moja ya kazi, na leo anashindwa na harufu.

"Au pua yangu inanidanganya? Wewe huisikii?"

"Naisikia," mkewe alijibu.

"Wapi zaidi?"

Mkewe aliikoroga sufuria ya limau. "Jikoni. Chini."

"Ajabu ni kwamba inahama. Miezi miwili iliyopita ilikuwa chumbani kwetu. Tangu uhamie kulala chumba cha cherehani kwa ajili ya mgongo wako, chumbani hamna kitu. Sasa iko huko kwako."

"Bomba la jikoni si linapita huko?"

Fundi alifikiri. Bomba lilipita huko, kweli. Alimtazama mkewe kwa heshima mpya. "Ungekuwa fundi wewe," alisema.

Ndiyo maana Jumatano alikuwa amepiga magoti jikoni, akivunja vigae alivyovipanga mwenyewe mwaka waliohamia. Alichimba hadi saa nane mchana. Kina kilipofika magotini, udongo ukageuka mweusi na wenye maji. Akaufuta kwa kidole, akauona: ufa mwembamba kama unywele, ubavuni mwa bomba.

Hakupiga kelele. Aliketi juu ya kifusi akacheka peke yake, machozi yakimchuruzika katika vumbi la usoni. Kisha akampigia dada yake simu. "Nimemkamata," alisema. "Jumapili njoo uketi palepale ulipoketi."

Alikata kile kipande, akaunga kipya, akafukia, akamwaga saruji na kuisawazisha kwa mwiko. Alipomaliza alinyanyuka akamwendea mkewe kutaka kumkumbatia. Mkewe alinyoosha mikono yote miwili mbele.

"Una saruji, baba watoto. Utanichafua."

Fundi akaridhika na kumshika mkono. Mkono ulikuwa wa moto, na mwepesi kuliko alivyoukumbuka.

"Umechoka kwa kusugua," alisema. "Tuliza moyo sasa. Wiki moja tu, udongo ukauke, utasahau kama palinuka hapa."

"Nitasahau."

"Na urudi chumbani. Mgongo tutaukanda."

Mkewe aliitikia kwa kichwa. Alimtazama akitoka kwenda kuosha mwiko uani, akipiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumapili. Alisubiri hadi aliposikia bomba la uani likifunguliwa.

Kisha akajifungia bafuni na ndoo ya maji ya chumvi, akavua blauzi, akaanza kuvifungua vitambaa alivyojizungushia kifuani, kimoja kimoja, taratibu, maana cha mwisho kilikuwa kimegandia nyama. Palipokuwa na ziwa la kushoto palikuwa na kidonda cha saratani, cha upana wa kiganja, kile ambacho daktari alikwishamwambia, tangu mwanzoni mwa mwaka, kwamba wakati wa kukikata umepita.