Tundu la Mwisho

Fundi viti alizaliwa haoni, lakini akikipapasa kiti cha kamba mara moja tu, anakuambia kimelegea wapi. Leo vidole vyake vilitembea juu ya jalada gumu lenye matundu matano.

"Karatasi ya kura inaingia humu," alieleza mama wa kikundi cha wapigakura wasioona. "Kila tundu na mgombea wake. Unatia tiki mwenyewe, hushikwi mkono na mtu."

"Basi mimi nimefukuzwa kazi!" mdogo wake fundi alicheka kutoka kitini nyuma. "Kidole kimoja hakivunji chawa, kaka."

"Hiki changu acha kijaribu." Fundi akamgeukia mama. "Humu mna karatasi gani?"

"Ya uchaguzi uliopita. Ya kujifunzia tu."

"Enhe! Yule mwalimu niliyempigia kura yuko tundu la ngapi?"

"La kwanza, juu kabisa."

Kidole kikapanda juu, kikatulia. Kisha kikashuka polepole, tundu kwa tundu, hadi la mwisho. Siku ile ya kura, mdogo wake alipomshika mkono kutia tiki, kiganja cha fundi kilitoka nje ya karatasi kwa chini, kikagusa ubao wa meza. Ubaridi wake aliukumbuka mpaka leo.

"Mama," aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kamba, "na huyu wa chini kabisa ni nani?"

Nyuma yake, kiti alichokisuka kwa mikono yake mwenyewe kikalia. Mdogo wake alikuwa amesimama.