Papai la Kuku

Giza lilipoanza kuingia, Kibibi alijigonga ukutani akitafuta mlango. Mama yake, Mwajabu, akamkimbilia, akamshika mkono. Asubuhi, kliniki, muuguzi alimwambia, "Mtoto hajarogwa. Haoni gizani kwa kukosa mboga na matunda. Ukichelewa, macho hayatarudi."

Mwajabu akachuma papai bivu pale uani, akalipasua.

"Papai chakula cha kuku, mwanangu," mama mkwe wake alisema. "Majirani wakituona tunalila, watasema tumeishiwa unga."

"Waache waone, mama. Wao si wana macho," Mwajabu alijibu.

Akamnyooshea mtoto kipande. "Kibibi, shika."

Mtoto akatabasamu, akapeleka mkono kando kabisa. Mwajabu akamlisha mwenyewe. Maji ya papai yakamchuruzika mtoto kidevuni, na macho yake yakabaki yametulia mahali fulani juu ya bega la mama.