Digidigi na Nyimbo za Kasuku

Digidigi, mnyama mpole asiyejua kukataa, alikubali Kasuku amwamshe kwa wimbo kila alfajiri, kwa malipo ya karanga. Kujiunga kulikuwa rahisi, aliitikia kwa kichwa tu. Baadaye akajifungua, na kila wimbo ukawa unamwamsha mtoto kwa kilio.

"Kaka Kasuku, nyimbo zimenitosha. Naomba unitoe," alisema.

"Mimi naimba tu, dada. Kutoa wateja ni kazi ya Konokono."

Digidigi akaenda kwa Konokono, ambaye hakuwahi kumtoa mteja hata mmoja.

"Pole sana, mama," Konokono alisema kwa sauti ya asali. "Kwa kuwa hukuridhika, tunakuongezea wimbo wa jioni, bure kabisa."

Sasa mtoto akawa analia alfajiri na jioni. Digidigi aliporudi kulalamika, akaongezewa na wa mchana, wenye kiitikio.

Akaenda nyumbani macho mekundu, akawaza sana. Kesho yake alimpokea Kasuku kwa tabasamu.

"Kaka, nimekusifu kwa jirani yangu mpya, naye anataka kujiunga. Anaomba umwimbie kwa karibu, kule juu kiotani kwake."

"Ndiyo kazi yangu! Ni nani huyo?"

"Kipanga."

Kasuku alikunjua mabawa haraka. "Mwambie tumejaa. Na wewe, dada, nimeshakutoa."

"Si lazima Konokono akubali kwanza?"

"Konokono gani?" Kasuku aliuliza, tayari yuko angani.

Siku hiyo mtoto alilala mpaka jua likawa la utosini, na mama yake ubavuni akikoroma.