Mzazi wa Chini ya Kitanda

Uji wa pilipili manga ulikuwa umeiva, na mzazi mwenyewe alikuwa chini ya kitanda, anajilamba miguu.

"Kunywa, mwenzangu," Mwanvita alimwambia, akasukuma bakuli. "Mzazi haachi uji. Utawanyonyesha nini hao?"

Paka alinusa, akapiga chafya, akageuza uso. Mwanvita akacheka peke yake, akaenda kuleta mchuzi wa dagaa. Huo ulilambwa mpaka bakuli likawa linatembea sakafuni.

Watoto walikuwa wanne ndani ya boksi la sabuni, macho bado hayajafunguka, kila mmoja kama kiazi kidogo. Watatu walikuwa wababe. Wa nne, mweusi, alisukumwa pembeni kila mara, na kila mara Mwanvita alipiga magoti kumrudisha kwenye chuchu. Mwezi wa saba pale Bigwa baridi ya mlimani haina adabu, kwa hiyo alijaza maji ya moto kwenye chupa, akaizungushia kipande cha kanga kuukuu, akaiegemeza kwenye boksi. Wakilia aliogopa. Wakinyamaza aliogopa zaidi.

Alhamisi, siku ya nne, yule mweusi alimpiga mwenzake teke, akaikamata chuchu mwenyewe. Mwanvita alipiga kigelegele hadi jirani yake, Devotha, akaja mbio na mwiko mkononi.

"Kuna nini, mama Raya? Harusi?"

"Kanyonya mwenyewe!"

Devotha akainama, akachungulia, akaliona bakuli la uji. "Makubwa! Pilipili manga? Na maji ya kumkanda umeshachemsha?"

"Cheka tu. Mzazi ni mzazi."

"Haya. Na baba mwenye nyumba anajua kwamba ana mzazi?"

Kicheko kikakatika.

Sufiani, mume wa Mwanvita, alikuwa kibarua wa reli kule Kisaki. Zamani alirudi kila baada ya wiki mbili, siku hizi kazi imebana, zinafika tatu, hata nne. Akiulizwa mbona hivyo, alijibu kwa upole mpaka mkewe akaona mume amebadilika, amekuwa mtu mwema. Lakini kwa huyu paka hakuwa na upole. Alishaibiwa perege mzima kwenye sahani, mkono wake ukiwa bado kwenye ugali, akaapa kwamba siku akimkuta tena ndani anamtia kwenye kiroba na kwenda kumtupa mbali, kule Mlali. Na Sufiani hakuwa mtu wa kutishia tu. Mama akitupwa Mlali, hawa wanne wangemaliza siku ngapi? Mbili?

Jumamosi alikuwa anarudi.

"Mwambie kabla hajafika," Devotha alisema. "Hasira aimalizie njiani. Ila neno paka usilitaje. Ukilitaja tu, anamwona perege wake. Wewe anza na mzazi, anza na watoto. Mwanaume akisikia watoto analainika."

Hapo ndipo pa kuangalia, wenzangu mnaoandika meseji huku mkono mmoja unakoroga sufuria. Mwanvita aliandika harakaharaka, hakurudia kusoma, akatuma:

"Baba Raya, usikasirike kwamba nilikaa kimya. Mzazi kajifungua salama, watoto wanne. Yaliyopita yamepita, mimi nimeshasamehe. Watoto hawana kosa. Naomba wakae hapa kwetu na mama yao, nitawalea mwenyewe. Njoo tuongee."

Jibu halikuja. Akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

"Basi kakasirika," alimwambia Devotha.

"Au chaji imeisha."

"Wewe humjui Sufiani. Akinyamaza ujue anatafuta kiroba."

Kwa hiyo Mwanvita alikusanya viroba vyote vya nyumba ile, hata kile chenye pumba za kuku, akavibeba kichwani kwenda kuvificha kwa Devotha. Devotha alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa adhuhuri, siku moja kabla ya siku yake, Sufiani alisimama mlangoni. Mkono mmoja umeshika jogoo, kwapani ana doti ya kanga mpya. Viatu vimejaa vumbi la safari. Mwanvita alijipanga katikati ya mlango, mikono kiunoni, tayari kwa vita. Lakini mume hakujaribu hata kupita.

"Mke wangu," alisema. "Ile meseji uliiandika kwa moyo?"

"Kwa moyo wangu wote."

"Hutavunja vyombo?"

Mwanvita aliangua kicheko. "Nivunje vyombo vyangu kwa lipi? Viumbe vya Mungu vile. Nimeshawatengenezea mpaka pa kulala."

"Na mama yao?"

"Mama yao ndiye wa kwanza! Bila yeye watanyonya nini? Wewe ndiye nilikuwa nakuogopa, baba Raya. Nilijua utamfukuza."

"Mimi? Nimfukuze?" Sufiani alimwachia jogoo, akajipangusa macho kwa mkono wa shati. Kisha akampa mkewe zile kanga kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mkwe.

"Mwanvita, wanawake kama wewe hawapo tena. Nimekaa mwaka mzima natafuta pa kuanzia, kumbe umeshanimalizia. Ila huyo aliyekwambia wanne kakuongezea chumvi. Ni mmoja tu, wa kike, na tumempa jina lako."