Liwa Ndani ya Kabureta

Baraza ya Sadallah ilishajaa watu, maana nani hapo Dunda hakujua kwamba leo anakwenda Mapinga kuoa mke wa pili? Bwana harusi, na kanzu yake mpya, alikuwa amepiga kiki mpaka ametota jasho, na ile pikipiki kuukuu aliyoachiwa na mzungu wa shamba la katani inakohoa tu.

"Haitaki uke wenza hiyo!" Bimdogo jirani akapaza sauti, watu wakaangua kicheko.

Mwinyimvua hakucheka. Yeye ndiye fundi, na mke mkubwa ni dada yake. Alifungua kabureta, akatoa kijiskrubu cha shaba chenye tundu jembamba la kupitishia petroli. Tundu lilikuwa limezibwa na kitope cha manjano. Akakisugua kwa vidole, akanusa. Chini ya petroli kulikuwa na harufu ya msandali.

Liwa.

Akainua macho. Zaina dada yake amesimama mlangoni, amejipaka liwa ile ile usoni, anakikodolea macho kijiskrubu.

"Umeona nini, shemeji?" Sadallah akauliza. "Maana nikijua Zaina katia mkono humo, Wallahi talaka yake anaipata leo leo, mbele ya watu hawa. Hebu lete nikione."

"Uchafu tu, shemeji. Ngoja nikipulize kwanza."

Akakitia kinywani, kama wafanyavyo mafundi wote, akavimbisha mashavu. Sadallah amekinga kiganja, anangoja.

Mwinyimvua akakimeza.